Wasomaji Wanauliza: Cora Coralina, Mshairi Aliyetoa Kitabu cha Kwanza Akiwa na Miaka 75

Katika toleo lililopita tulichapisha aya mbili fupi kuhusu Cora Coralina, mshairi wa Brazil aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1985, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1965. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko tulivyotarajia, na baadhi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo tumezikusanya na kuzijibu pamoja.

Inawezekanaje mtu akae miaka 70 bila kutunga, kisha aanze uzeeni na kutunga vizuri kiasi cha kupewa tuzo? — Msomaji, Dodoma

Ndugu msomaji, tuliandika kwamba kitabu chake cha kwanza kilitoka akiwa na miaka 75, jambo ambalo si sawa na kusema kwamba alianza kuandika akiwa na umri huo, na mambo hayo mawili yakichanganywa habari yake yote inapinda.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Anna Lins dos Guimarães Peixoto, na alijulikana kwa jina la utotoni la Aninha. Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1889 katika mji wa Goiás, katikati ya Brazil, mwaka mmoja baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo na miezi michache kabla ya ufalme kuanguka na jamhuri kutangazwa. Baba yake, aliyekuwa jaji, alifariki mtoto akiwa bado mchanga, na familia ikabaki na jina kubwa na mkono mtupu. Masomo aliyapata kwa mwalimu mzee aliyeitwa Silvina, ambaye baadaye alimtaja kwa shukrani katika mashairi yake, na hayakuzidi miaka michache ya elimu ya msingi.

Alianza kuandika akiwa na miaka 14. Mwaka 1907 yeye na wasichana wenzake waliendesha gazeti dogo la fasihi lililoitwa A Rosa. Mmoja wa wenzake hao, Leodegária de Jesus, alikuwa tayari amechapisha kitabu cha mashairi mwaka uliotangulia, kwa hiyo mji ule mdogo haukuwa jangwa la fasihi kama inavyodhaniwa. Mwaka 1910 hadithi yake fupi ilitokea katika kitabu cha mwaka cha jimbo la Goiás. Jina la kalamu, Cora Coralina, nalo ni la ujanani. Msimamizi wa mji ni Mtakatifu Ana, kina Ana walijaa kila mtaa, naye hakutaka sifa ya maandishi yake imwendee Ana mwingine.

Kwa hiyo kitabu cha mwaka 1965 hakikutoka kwa mwanagenzi. Kilitoka kwa mtu aliyekuwa na kalamu mkononi kwa zaidi ya miaka 60, ingawa kalamu hiyo ililazimika kuwekwa chini mara nyingi ili mikono ifanye kazi nyingine.

Nimesoma mahali kwamba mumewe ndiye aliyemzuia. Je, lawama zote ni zake? — Msomaji wa kike, Nakuru

Dada, masimulizi kwamba mume hakufurahia kumwona mkewe akijulikana kwa maandishi yapo, nami siyapuuzi, kwa sababu yanalingana na desturi za watu wa tabaka lao na wakati wao. Mume huyo, Cantídio Tolentino de Figueiredo Bretas, alikuwa mwanasheria aliyefika Goiás kuwa mkuu wa polisi. Alikuwa ametengana na mke wake wa awali, lakini sheria ya Brazil haikuruhusu talaka ya kumfungua mtu aoe tena. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1977 tu. Mnamo Novemba 1911 wawili hao waliondoka mjini kwa farasi, wakaelekea jimbo la São Paulo. Kwa familia ya jaji aliyeheshimika, hiyo ilikuwa aibu iliyozungumzwa kwa miaka mingi.

Walikaa Jaboticabal, ambako alizaa watoto 6, wawili kati yao wakafariki wakiwa wadogo. Aliendelea kupeleka makala katika magazeti ya miji alimoishi, lakini vitabu havikutoka.

Sasa tazama tarehe. Cantídio alifariki mwaka 1934, na kitabu kikatoka mwaka 1965. Katikati pana miaka 31 ambayo haikuwa na mume wa kumkataza, na miaka hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali maelezo ya sababu moja. Mjane mwenye watoto hana mshahara, hana pensheni ya maana, na yuko mbali na kwao alikoondoka kwa fedheha. Alipita nyumba kwa nyumba akiuza vitabu vya kampuni ya uchapishaji ya José Olympio. Huko Penápolis alitengeneza na kuuza soseji na mafuta ya nguruwe. Huko Andradina alifungua duka la vipande vya vitambaa. Ukiuliza nani alimzuia, jibu langu ni kwamba mume alichukua sehemu, na riziki ikachukua sehemu kubwa zaidi. Kwa kuwa riziki haina sura ya mtu, watu husahau kuiweka kizimbani.

Mimi natengeneza na kuuza vitafunwa. Mliandika kwamba naye aliishi kwa kuuza vitu vitamu. Vilikuwa vya namna gani, na alipata wapi muda wa kuandika? — Mama wa Tanga

Mama, shikamoo. Alirudi Goiás mwaka 1956, miaka 45 tangu aondoke, akiwa na umri wa miaka 66. Mji aliourudia haukuwa ule aliouacha, kwa kuwa makao makuu ya jimbo yalikuwa yamehamishiwa Goiânia, mji mpya uliojengwa kuanzia miaka ya 1930, na ofisi, mahakimu, wafanyabiashara na fedha vyote vikahama nayo. Alikwenda kukaa katika nyumba ya zamani ya ukoo, iliyo ubavuni mwa daraja la mto uitwao Rio Vermelho, na akaanza biashara ya matunda yaliyopikwa kwa sukari.

Kazi yenyewe utaielewa kuliko mimi. Matunda yalikuwa machungwa, tini, mapapai, mabibo na mengineyo ya msimu. Tunda humenywa, huchemshwa na kubadilishiwa maji mpaka uchungu utoke, kisha hupikwa taratibu ndani ya shira katika sufuria pana ya shaba juu ya moto wa kuni, na mwisho huanikwa mpaka sukari igande juu yake na kuwa gamba jembamba jeupe. Shira ikizidi moto inaungua. Ikipungua, tunda linavunda kabla halijafika kwa mnunuzi. Ni kazi ambayo huwezi kuiachia mtu ukaenda chumbani kuandika. Aliifanya kwa zaidi ya miaka 10, na wateja walikuja mpaka mlangoni.

Kuhusu muda wa kuandika, aliyoyaandika katika miaka hiyo yalikuwa kwenye madaftari, kwa mkono, na kampuni za uchapishaji hazikutaka mswada wa mkono. Hivyo akiwa na miaka 70 alijifunza kupiga chapa kwa mashine, akaanza kuyahamisha mashairi yake kutoka daftarini. Kati ya mambo yote yanayosimuliwa juu yake, hili ndilo ninaloliona kubwa, kwa sababu halina uzuri wowote wa kusimulia: ni kukaa chini na kutafuta herufi moja moja.

Katika shairi lake mojawapo amejieleza kuwa ni mpishi zaidi kuliko mwandishi, akadai kwamba upishi ndio sanaa bora kuliko zote kwa sababu unashikika na unahusu uhai na afya ya watu. Wasomaji wengi huichukua kauli hiyo kama unyenyekevu wa bibi kizee. Mimi nadhani alikuwa anawachokoza maprofesa.

Kama kitabu kilitoka mwaka 1965, kwa nini wahakiki husema alitambuliwa karibu mwaka 1980? Kuna pengo la miaka 15 ambalo hamkulieleza. — Mwalimu wa fasihi, Mbeya

Mwalimu, umeligusa palepale panapostahili, na nitalijibu kwa urefu.

Kitabu cha kwanza, Poemas dos Becos de Goiás e Estórias Mais, chenye mashairi ya vichochoro vya Goiás pamoja na masimulizi mengine, kilitolewa na José Olympio. Kampuni hiyo haikuwa ndogo. Ndiyo iliyowachapisha wakubwa wa fasihi ya Brazil ya wakati huo, na ndiyo hiyohiyo ambayo vitabu vyake yeye alivipigia hodi nyumba kwa nyumba akiwa mjane. Mtu angetarajia kwamba mlango wa namna hiyo ukishafunguka, mengine yatafuata. Hayakufuata. Kitabu kilisomwa na waliokwisha kumjua, kikasifiwa jimboni, na nchi ikaendelea na mambo yake.

Sababu ya kwanza ni umbali, na simaanishi kilomita peke yake. Fasihi ya Brazil ilikuwa na miji yake miwili, Rio de Janeiro na São Paulo, na kitabu kilihesabiwa kuwa kipo kikizungumzwa katika magazeti ya huko. Mwandishi wa Goiás asiyekwenda mikutanoni, asiyekuwa na rafiki mhariri, tena aliyekaribia miaka 80, hakuwa na mtu wa kumzungumza.

Sababu ya pili ni ya kifasihi. Alipokuwa msichana, shairi lililoheshimiwa nchini mwake lilikuwa lile la vina na mizani iliyopimwa sawasawa, na yeye hakuwa hodari wa utungo huo. Ujanani aliandika nathari zaidi. Februari 1922 vijana wa São Paulo walifanya wiki yao maarufu ya sanaa mpya katika ukumbi wa Teatro Municipal, na miaka iliyofuata shairi huru, lenye lugha ya mtaani na habari za jikoni, likapata heshima. Wasomaji wa Kiswahili waliofuatilia mabishano yetu kuhusu vina na mizani hawahitaji maelezo zaidi. Kinachochekesha ni kwamba mlango huo ulipofunguliwa, yeye alikuwa mbali akilea watoto na baadaye akiuza soseji. Na alipoufikia mwaka 1965, wahakiki walikuwa wamekwisha kuhamia majaribio mengine, wakamwona kama mtu aliyechelewa sherehe. Kusema kweli hakuwa amechelewa wala kuwahi, bali alikuwa akiandika mambo ambayo hakuna mwingine aliyekuwa akiyaandika.

Alitoa kitabu cha pili, Meu Livro de Cordel, mwaka 1976. Kisha mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Goiás kikatoa upya kile cha kwanza. Toleo hilo la chuo ndilo lililofika mikononi mwa Carlos Drummond de Andrade, mshairi mkubwa kuliko wote nchini wakati huo, aliyekuwa akiishi Rio de Janeiro. Julai 1979 Drummond alimwandikia barua. Hakuwa na anwani yake, na mwanzoni mwa barua alisema kwamba anayarusha maneno yake kwenye upepo akitumaini upepo utayafikisha. Kisha akayafananisha mashairi ya Cora na maji yanayotiririka. Tarehe 27 Desemba 1980 akaandika habari zake katika gazeti la Jornal do Brasil, akisema kwamba kwake yeye Cora ndiye mtu muhimu kuliko wote katika jimbo la Goiás, akimpita gavana, wabunge na matajiri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kitabu cha tatu, Vintém de Cobre, kilitoka mwaka 1983, na mwaka huohuo chuo kilekile kikamtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Umoja wa Waandishi wa Brazil ukampa tuzo ya Juca Pato, inayotolewa kwa msomi wa mwaka, akiwa mwanamke wa kwanza kuipokea. Alikuwa na miaka 94. Alifariki Goiânia tarehe 10 Aprili 1985.

Hivyo pengo la miaka 15 unaloliulizia, Mwalimu, ni umbali uliopo kati ya kuchapishwa na kusomwa na mtu ambaye neno lake lina uzito. Unaweza kumshukuru Drummond, na ni haki. Lakini kama chuo cha jimboni kisingetoa toleo la pili, mshairi mkubwa asingekuwa na cha kusoma. Wahariri wa chuo kile hawatajwi sana, nami nadhani wanastahili.

Tafadhali tuelezeeni mashairi yenyewe. Kila ninaposoma habari zake nakuta umri wake na mapishi yake tu. — Mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam

Lalamiko lako ni la haki kabisa. Waandishi wa habari waliofurika nyumbani kwake baada ya mwaka 1980 walitaka bibi mwenye mvi, sufuria ya shaba na maneno ya busara, na picha hiyo imeyafunika mashairi.

Anza na lile la sahani ya bluu. Bibi mzaa bibi anayesimuliwa humo ana sahani moja ya kauri ya Kichina, iliyobaki peke yake kutoka seti ya vyombo 92, na huwasimulia watoto kisa cha mapenzi kilichochorwa juu yake: binti wa kifalme, kijana wa kawaida, kasri, daraja, mashua. Siku moja sahani inakutwa imevunjika vipandevipande. Hakuna aliyeona, hakuna aliyekiri. Watu wazima wanafanya kikao, na hukumu inamwangukia Aninha, kwa kuwa ndiye aliyezoea kutupiwa makosa. Adhabu ni kuvishwa shingoni kigae cha sahani kilichofungwa uzi, akivae mchana mbele za watu. Mtoto analia peke yake. Kisha anazoea. Mwishowe anakichezea kile kigae kinachoning'inia. Mshairi haongezi neno la kulaani wala la kusamehe. Anamaliza kwa kusema tu kwamba ndivyo alivyoweza kuihifadhi habari hiyo na kutusimulia. Sijui shairi lingine linalouonyesha ukatili wa nyumba yenye heshima kwa sauti ya upole kiasi hicho.

Mengi katika kitabu cha kwanza yana macho hayohayo. Vichochoro vya Goiás anavitembelea kama vilivyo, na takataka zake, maji machafu, punda wa kuni, na wanawake wanaopita usiku kwa sababu njia kuu si yao. Mwaka 1975, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, alitoa shairi la kumtetea mwanamke anayeuza mwili wake, akimwita dada. Alikuwa anaelekea miaka 86, katika mji mdogo wa Kikatoliki ambako kila mtu alijua ametoroka na nani ujanani. Katika shairi lingine anasema ndani yake wanaishi wanawake wengi: mzee wa porini anayechutama kando ya majivu, mfuaji nguo wa mtoni, mpishi, mkulima, mwanamke wa mtaani. Hawafanyi kuwa mifano ya kuigwa. Anawapa kila mmoja harufu yake na kazi yake.

Na kuna sala ya mahindi, ambayo msomaji wa Kiswahili ataipenda mara moja. Mahindi yenyewe ndiyo yanayosema na Mungu. Yanakiri kwamba hayana ukoo mtukufu wa ngano, na kwamba ni mmea wa nyuma ya nyumba na wa mashamba ya maskini. Yanajieleza kuwa yamekuwa chakula kizito cha kila siku cha mtumwa aliyechoka shambani, na neno la Kireno lililotumika hapo, angu, ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto, ambao mtu wa kwetu akiwekewa mezani atanawa mikono bila kuuliza. Kisha yanaendelea kuorodhesha wote wanaokula mahindi, mpaka kuku na ng'ombe, kwa fahari inayopanda polepole kutoka kwenye ule unyonge wa mwanzo.

Sitakuficha kwamba si kila kitu chake ni kizuri. Anaporudia nasaha kwa vijana, hasa katika kitabu cha mwaka 1983, shairi linalegea na kuwa mawaidha, na ni hayo mawaidha yanayonukuliwa zaidi. Lakini kitabu hichohicho kina kumbukumbu za utoto zenye makali kama ile sahani. Jina la kitabu hicho, Vintém de Cobre, linamaanisha sarafu ya shaba yenye thamani ndogo, na Drummond alipokisoma alimwandikia kwamba kwake yeye hiyo ni sarafu ya dhahabu.

Kuna msemo kuhusu kupanda maua maishani unaozunguka WhatsApp ukiwa na jina lake na picha yake. Je, ni wake kweli? — Msomaji, Kigoma

Muulize aliyekutumia: umetoka kitabu gani, shairi gani? Mtandaoni Cora Coralina amebebeshwa maneno mengi ambayo hayamo katika vitabu vyake, kwa kuwa picha ya bibi anayetabasamu huuza msemo wowote. Asiyeweza kutaja shairi, mwache na msemo wake.

Mbona mnavuka bahari hadi Brazil wakati tunaye Mwana Kupona? Na yule bibi wa Japani aliyeanza kutunga akiwa na miaka zaidi ya 90, hamumtaji? — Msomaji, Mombasa

Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, na alifariki karibu na mwaka 1860. Lakini hakuhitaji mhariri wa São Paulo. Utendi ulinakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa kwa moyo, ukasomwa majumbani, na ukaenea kwa njia zilizokuwa mikononi mwa wanawake wenyewe wa Siyu, Pate na Lamu. Heshima yake haikuchelewa katika jamii yake. Iliyochelewa ni ile ya maktaba na vyuo. Hilo ni jambo jingine kabisa, nalo linastahili safu yake.

Shibata Toyo wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1911, ndiye hasa aliyeanza uzeeni. Alianza kutunga akiwa na miaka 92, baada ya maumivu ya mgongo kumzuia kuendelea na ngoma za jadi alizozipenda na mwanawe kumshauri ajaribu ushairi. Gazeti la Sankei Shimbun likachapisha mashairi yake, na kitabu chake cha mwaka 2009 kikauza nakala zaidi ya milioni 1. Mtu aliyepata sifa miaka michache baada ya kuanza, na mtu aliyeisubiri kwa miaka zaidi ya 70 tangu aanze, si mfano mmoja, hata kama picha zao zinafanana.

Nyumba ya darajani bado ipo? — Msomaji, Zanzibar

Ipo, na tangu mwaka 1989 ni makumbusho yake. Kuhamishwa kwa makao makuu, kulikoufukarisha mji wa Goiás, kulizuia pia nyumba zake za karne ya 18 zisibomolewe kupisha maghorofa, na Desemba 2001 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Wiki chache tu baadaye, tarehe 31 Desemba 2001, Rio Vermelho ulifurika na maji yakaingia nyumbani humo. Nyumba ilitengenezwa na wageni wanaendelea kuingia.

Nina miaka 68 na madaftari ya mashairi niliyoyaandika tangu nikiwa mwalimu wa shule ya msingi. Nianzie wapi, na je, umri wangu ni kikwazo? — Mstaafu, Bukoba

Mwalimu, shikamoo. Anza pale alipoanzia yeye: hamisha mashairi kutoka madaftarini. Siku hizi kompyuta ya mjukuu inatosha, ila ukimwachia mjukuu achape, soma mwenyewe kila mstari baada yake, kwa sababu shairi likikosewa mizani katika uchapaji mhariri atadhani kosa ni lako. Andika mwaka chini ya kila shairi unaloukumbuka mwaka wake. Tenga mashairi 40 au 50 yaliyo bora, usipeleke yote, na weka nakala nyumbani kabla hujatuma chochote. Usizidharau kampuni za vyuo vikuu. Umeona hapo juu ni toleo la nani lililomfikia Drummond. Kuhusu umri, mhariri hana haja ya cheti chako cha kuzaliwa. Anataka mswada uliochapwa safi, kurasa zenye namba, na simu inayopatikana.